Kifungua Mlango Kilishalipwa

Mama mdogo alifungua pochi yake, akatoa kadi ndogo iliyotiwa nailoni na kuiweka mezani, karibu na kikombe changu cha chai. Kadi ilikuwa na namba 214, picha ya mtumishi wa Mungu akiwa amenyoosha mkono, na nyuma yake namba ya simu ya kutumia sadaka. Aliniambia kwamba kwa kadi ile ataonana na mtumishi uso kwa uso, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, dakika tano. Wasio na kadi huombewa kwa pamoja chini ya turubai, na wasaidizi. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba, huo ukiwa mwezi wa nane. Kadi aliilipia shilingi elfu hamsini, fedha ya vitenge alivyokopesha akaidai kwa taabu.

Sikumgombeza. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha kusali, mimi na ndugu zangu tukiwa tumepanga magoti kwenye mkeka kama sahani kabatini, na ndiye aliyetukataza kumaliza sala bila kutaja jina la Yesu. Nilimuuliza swali moja tu: "Mama, si wewe uliyetufundisha kwamba Yesu ndiye anayetuombea kwa Baba? Sasa huyu wa kadi anatuombea kwa nani?"

Alinyamaza kidogo, akazungusha kadi kwa kidole. "Mwanangu," akasema, "hata ofisini mkubwa yupo na mlango uko wazi. Lakini bila mtu wa kukuingiza utakaa kwenye benchi mpaka jioni."

Jibu hilo nimelibeba mwaka wa pili sasa, maana ni jibu la mtu aliyeishi. Sisi tumelelewa na mabenchi. Ukitaka hati ya kiwanja, kitanda cha mgonjwa au nafasi ya mtoto shuleni, unatafuta kwanza mtu anayemfahamu mtu anayemfahamu mkubwa. Wahenga walishaliona hilo wakasema mkono mtupu haulambwi, na penye udhia, wakatushauri, penyeza rupia. Mtu aliyezoea hivyo tangu utoto, ukimwambia kwamba Mungu ndiye mkubwa kuliko wakubwa wote, ataelewa nini? Ataelewa kwamba foleni yake ndiyo ndefu kuliko zote na walinzi wake ndio wakali kuliko wote. Atatafuta mtu.

Nami nashikilia kwamba imani ya Wakristo juu ya Yesu mwombezi ilikuja hasa kuliondoa benchi hilo. Kosa la makanisa yetu ya leo, kubwa kuliko magomvi ya viongozi na hesabu za sadaka zisizoeleweka, ni kulirudisha benchi ndani ya ibada na kuwatoza wanaolikalia.

Kiu ya kumpata mtu wa katikati ni ya zamani. Katika sura ya 9 ya kitabu chake, Ayubu analalamika kwamba kati yake na Mungu hakuna mwamuzi wa kuwawekea mkono wote wawili. Picha hiyo tunaijua: mzee wa ukoo ameketi baina ya wagomvi, mkono mmoja begani kwa huyu, mwingine begani kwa yule. Kwetu Kilimanjaro tulikuwa na jani la kazi hiyo. Mtu akimkosea jirani yake hata wakashindwa kutazamana, alichuma jani la sale, mmea ule unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini, akalifunga fundo, akampa mtu mzima alipeleke. Aliyekosewa akishaletewa sale, ilikuwa mwiko kuendelea na kisasi. Nilimwona babu yangu akilipokea mara moja, mkono ukimtetemeka kwa hasira. Alikaa nalo mapajani muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaagiza mbege.

Kwa Waisraeli kazi hiyo ilikuwa ya Kuhani Mkuu, na hapa naomba tukae kidogo, maana wengi hupapita mbio. Sura ya 28 ya kitabu cha Kutoka inaeleza vazi lake kwa undani wa fundi cherehani. Mabegani kulikuwa na vito viwili, kila kimoja kimechorwa majina sita ya makabila ya Israeli. Kifuani kulikuwa na vito 12, safu nne za vito vitatu vitatu, na kila kito kikiwa na jina la kabila moja. Alipoingia mbele za Mungu, kuhani hakutangulia kusema maneno. Alitangulia kubeba majina, begani ambako mtu hubeba mzigo, na kifuani ulipo moyo. Nikitafuta maana ya neno kuombea sipati iliyo bora kuliko hiyo.

Ilipofika Siku ya Upatanisho, inavyoelezwa katika Walawi sura ya 16, vazi la fahari liliwekwa kando. Kuhani alioga, akavaa kitani tupu, akaanza kutoa sadaka kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake kabla hajagusa za watu. Ndipo alipopita nyuma ya pazia la hema la ibada. (Ile habari ya kamba iliyofungwa mguuni mwake ili avutwe akifia ndani, wanayopenda kuisimulia baadhi ya wahubiri, haimo katika Biblia, na sura yenyewe ina uzito wa kutosha bila kamba.) Mtu mmoja, wa ukoo mmoja, siku moja katika mwaka. Taifa zima lilisubiri nje.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, ambaye hakujitaja jina, aliwaandikia watu waliojua yote hayo na waliokuwa wamechoka kiasi cha kutamani kurudi walikotoka. Anawaambia kwamba njia ya kupita katika pazia imekwisha funguliwa. Marko anaeleza pazia la hekalu lilivyopasuka saa Yesu alipokata roho, kutoka juu hadi chini, na mimi huona umuhimu katika mwelekeo huo: mkono uliolipasua haukuwa wa mtu aliyesimama sakafuni. Mwandishi wa Waebrania anawaambia pia kwamba Yesu, Kuhani Mkuu huyu mpya, alijaribiwa kama wao, kwa hiyo akisikia udhaifu wa mtu hashangai. Kisha, katika sura ya 10, anaandika jambo dogo ambalo nililisoma miaka mingi bila kuliona: makuhani wa kale walisimama kila siku, lakini huyu, baada ya kutoa sadaka yake mara moja, aliketi.

Pitia orodha ya vyombo vya hema lile la makuhani wa kale. Utakuta kinara, meza ya mikate, madhabahu ya uvumba, birika la kunawia. Kiti cha kuhani hakimo. Kitu pekee ambacho Biblia yetu ya Kiswahili inakiita kiti mle ndani ni kiti cha rehema, kifuniko cha sanduku la agano, wala hakuna mwanadamu aliyekikalia. Makuhani walisimama kwa sababu kazi haikuisha: leo mwana-kondoo, kesho mwana-kondoo. Aliyeketi amemaliza. Ndiyo maana kinaniuma kile kiti kirefu cha rangi ya dhahabu ninachokikuta siku hizi katikati ya madhabahu nyingine, ambacho mama zetu hukipigia magoti wakipita.

Wafasiri wetu nao walihangaika kumpatia Yesu cheo kinachofaa kazi hii. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inamwita mpatanishi katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, na katika Waebrania, neno lilelile la Kigiriki, mesites, likawa mjumbe. Mtanzania wa rika langu akisikia mjumbe anamkumbuka mjumbe wa nyumba kumi, yule aliyekuandikia barua ya utambulisho ndipo usikilizwe kwingine. Lakini neno hilo lina methali yake, kongwe kuliko nyumba kumi: mjumbe hauawi. Hata katika vita, aliyebeba ujumbe hupita katikati ya mikuki akaenda na kurudi salama. Huyu aliuawa. Injili zote nne zinasema hivyo, na hata Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo hata chembe, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato enzi za Tiberio. Desturi ya mataifa yote ilivunjwa kwake. Sijui kama kuna lugha inayolisikia hilo kwa uchungu zaidi ya yetu.

Neno ambalo wafasiri hawakulitumia, nami naelewa kwa nini, ni mshenga. Hata hivyo ndilo linalonisaidia kuliko yote. Mimi nilioa Tanga. Baba yangu alimtuma mzee mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache, na barua ya posa ikiwa imefungwa kwenye leso pamoja na fedha. Nilisimuliwa baadaye kwamba hakuketi mpaka alipoambiwa mara ya pili, na kwamba alinisifu mpaka mashangazi wa mke wangu wakaanza kuniulizia kama mwana wa mfalme. Siku ya harusi, mlango wa chumba cha bibi harusi ukafungwa kwa ndani. Wanawake wakaimba, wakapiga vigelegele, wala mlango haukufunguka kwa maneno matamu. Walitaka kifungua mlango. Tulipitisha noti ya kwanza chini ya mlango, wakacheka. Tukapitisha ya pili, ya tatu, mpaka kitasa kikasikika.

Sasa tazama tofauti. Mshenga wetu hutumwa na upande wenye shida. Kijana ndiye anayeomba, kwa hiyo ndiye anayetuma. Lakini Injili ya Yohana, sura ya 3, inasema kwamba aliyetuma ni Mungu. Ni sawa na nyumba ya mchumba kumtuma mwana wao wa kumzaa kwa kijana mwenye madeni, asiye na mahari wala wa kumsemea, amwambie aje, anangojewa. Ukilielewa hilo, mengi uliyofundishwa kuhusu maombezi inabidi uyaangalie upya.

Wengi wetu tumejengewa picha ya baba mkali aliyeshika fimbo na mwana mpole anayemshika mkono asitupige. Nimeisikia mimbarani, tena kwa machozi. Si mafundisho ya Yesu. Katika sura ya 16 ya Yohana, usiku wa kuamkia kifo chake, anawaambia wanafunzi kwamba wataomba kwa jina lake, na kwamba hawaambii kuwa atawaombea kwa Baba kana kwamba Baba anahitaji kubembelezwa, kwa sababu Baba mwenyewe anawapenda. Maombezi ya Mwana hayaanzii kwenye hasira ya Baba. Yanaanzia kwenye pendo lake. Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, ambao wanafunzi wa theolojia huukariri ili wafaulu mtihani, ulikuwa unalinda jambo hili hili: Yesu ni wa asili moja na Mungu na wa asili moja nasi. Si mtu wa tatu aliyesimama baina ya nyumba mbili. Nyumba zote mbili ni kwao.

Hapo ndipo nilipoweza kumjibu jirani yangu Mwislamu, mtu ninayemheshimu sana, aliyeniuliza kwa upole barazani: "Kwa nini mnapitia kwa mtu? Sisi tunamwomba Mwenyezi Mungu moja kwa moja." Ni swali zuri, na Mkristo asilikwepe. Waislamu nao wana mjadala wao mrefu juu ya shafaa, yaani uombezi, ya Siku ya Kiyama na juu ya tawasuli, yaani kumwendea Mungu kwa kupitia mwingine, na wanakubaliana kwamba hakuna awezaye kuombea mbele ya Mungu ila kwa idhini yake. Nilimwambia kwamba kwa imani yetu, kupitia kwa Yesu si kuzunguka, kwa kuwa tunaamini ndani yake Mungu mwenyewe amekuja barabarani. Hakukubaliana nami. Lakini alisema kwamba sasa angalau ameelewa tunachosema, na ameona kuwa si kile alichoambiwa kwamba tunasema.

Sisi Wakristo wenyewe tumegombana juu ya watakatifu kwa miaka mia tano. Mimi ni Mlutheri. Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 21, linasema watakatifu wakumbukwe na imani yao iigwe, ila wasiitwe kutuombea, kwa kuwa mpatanishi ni mmoja. Wakatoliki husema kwamba kumwomba Bikira Maria au Mashahidi wa Uganda wakuombee ni kama kumwomba rafiki akuombee, na kwamba kifo hakikati undugu. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hujaa Namugongo, wengine wakiwa wametembea kwa miguu siku nyingi, na sitamwita mpagani hata mmoja wao. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, ya mwaka 1964, inaeleza wazi kwamba nafasi ya Maria haipunguzi chochote katika upatanisho wa Kristo peke yake. Novemba 2025 Vatikano ikatoa waraka unaosema haifai kumwita Maria mkombozi mwenza. Nilifurahi kuusoma, nikiwa Mlutheri. Tofauti yetu bado ipo na si ndogo, lakini kwa hali ilivyo leo si hapo nyumba inapoungulia.

Moto uko kwenye mlango na fedha. Tukumbuke Luther mwaka 1517 hakuanza na watakatifu. Alianza na vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa watu wa kawaida, vikiwaahidi nafuu ya adhabu, yao na ya marehemu wao. Hoja zake 95 zilihusu karatasi iliyolipiwa. Kanisa letu, kwa maneno mengine, lilizaliwa kwa sababu ya kadi kama ile ya mama mdogo.

Nasi hatukuwa salama. Mwaka 2011 barabara ya kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Watu walitoka kila pembe ya nchi na nje ya nchi, wengine wakiwa wametolewa wodini, waende kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa langu. Kikombe kilikuwa shilingi 500, na kwa bei ile sitasema alitafuta utajiri. Lililonitia wasiwasi ni sharti: ilielezwa kwamba dawa ingefanya kazi kikombe kikitoka mkononi mwake mwenyewe. Mti uliochemshwa ulikuwa uleule, maji yaleyale, sala ileile, ila lazima mkono ule. Wagonjwa walifia kwenye foleni wakiungojea mkono mmoja wa mwanadamu, katika nchi ambayo kila Jumapili inaimba kwamba Yesu yupo kila mahali.

Na Moshi, nyumbani. Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, umati ulisukumana ili ukanyage mafuta yaliyomwagwa chini na kutajwa kuwa ya upako. Watu 20 walikufa, wakiwemo watoto. Najua mlango ule wa uwanja. Nimepita pale nikiwa mwanafunzi, nikienda kutazama mpira. Siwezi kuuwaza jioni ile bila kujiuliza ni nani aliyewafundisha wale mama kwamba baraka ya Mungu iko kwenye mita chache za sakafu, kwamba anayewahi anapata na anayechelewa amekosa. Hawakujifundisha wenyewe. Tuliwafundisha sisi tuliohubiri, na sisi tulionyamaza. Sikusikia mahubiri juu ya Waebrania Jumapili iliyofuata katika kanisa nililosali. Tulisali kwa ajili ya marehemu na wafiwa, jambo jema, tukaendelea na matangazo.

Wapo watakaosema hii ni Afrika tu inayorudi kwenye asili yake, kwamba Mwafrika hamwendei mkubwa bila mtu wa katikati, na kwamba ilikuwa hivyo tangu enzi za matambiko, mjukuu akimwambia babu aliyelala kaburini ampelekee Mungu ombi. Hoja hiyo inamvunjia heshima Mwafrika. Padri Charles Nyamiti, Mtanzania, mmoja wa wanatheolojia wakubwa ambao bara hili limewatoa, alitoa mwaka 1984 kitabu kizima kinachomwelewa Kristo kama mhenga wetu. Kwake, mhenga ni ndugu wa damu aliyetangulia, aliye karibu na Mungu, aliye kielelezo cha maisha mema, na mwenye haki ya kusikia habari za wanawe mara kwa mara. Unaweza kumkosoa Nyamiti kwa mengi. Ila angalia jambo moja: babu hakumtoza mjukuu ili amsikilize. Pombe iliyomwagwa kaburini ilikuwa salamu ya undugu. Mwenye kuuza nafasi ya dakika tano hawezi kujificha nyuma ya mizimu ya babu zetu.

Tena Afrika Mashariki ina historia nyingine ya imani, ambayo watoto wetu hawafundishwi. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Kutoka kwao na wenzao, kwa njia ya Gahini kule Rwanda, ulitoka uamsho ulioenea hadi Kenya, Burundi, Bukoba na kwingineko. Waliitwa Balokole, sisi tukasema walokole. Walikuwa na ukali wao, na wengine waliwachosha majirani. Lakini katika mikutano yao mpishi alisimama akatubu mbele ya bwana wake mmisionari, na mmisionari akasimama akatubu mbele ya mpishi. Haikuwepo kadi, wala kiti kirefu. Kila mtu alikuja kwa damu ile moja ya Yesu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mlangoni. Neno mlokole lilikuwa na maana hiyo kabla halijawa jina la mtu anayenunua mafuta.

Kwa hiyo je, tusiombeane? Tuombeane sana. Watu hulitumia andiko la 1 Timotheo 2 kama rungu, lakini wasome tokea mwanzo wa sura. Paulo anaanza kwa kuagiza maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote, wakiwemo wafalme, na mstari wa 5 ndipo anaposema mpatanishi ni mmoja. Hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Tunaombeana kwa kuwa mpatanishi ni mmoja. Hakuna kati yetu aliye karibu naye kuliko mwenzake, basi kila mmoja anaweza kumbeba mwenzake. Anayeniombea anatembea pamoja nami kwenda mlangoni. Akigeuka akasimama mlangoni na kuninyooshea kiganja, hapo amekuwa kitu kingine, hata kama maneno anayotamka ni yaleyale.

Ukitaka kujua uko kwa nani kati ya hao wawili, mwambie akuombee kwa jina lako, kisha mwambie na wewe unataka kumwombea. Mchungaji wa kweli atainamisha kichwa. Mzee wetu mmoja wa usharika, mwaka nilipofiwa na mtoto, alikuja nyumbani kila Jumanne kwa miezi mitatu. Hakuwa na upako wa kujisifia. Aliketi kwenye kigoda, akasoma zaburi, akaomba, na siku moja akasema, "Leo niombee wewe, mwanangu, mke wangu hali si nzuri." Nilikuwa sijasali kwa wiki kadhaa. Nilisali. Sala yangu ya kwanza baada ya msiba ilikuwa kwa ajili ya mke wa mtu mwingine, nayo ndiyo iliyonirudisha.

Kwa mama mdogo sikushinda hoja. Nilichofanya ni kumpeleka kwa daktari wa mifupa, akatolewa maji gotini, na jioni ile tukasoma pamoja Waebrania sura ya 4, mpaka mwisho. Aliniomba nirudie mistari ya mwisho, ile inayowakaribisha watu wakisogelee kiti cha neema kwa ujasiri. "Kwa ujasiri," akarudia mwenyewe, polepole, kama mtu anayehesabu chenji na kuona imezidi. Kadi sijui aliipeleka wapi, sikumuuliza.

Ombi langu ni kwa wachungaji, mapadri, manabii na mitume wa nchi hii, wakubwa kwa wadogo, wa kanisa langu na wa makanisa mengine. Jumapili hii, kabla ya kufungua ibada, tokeni mlangoni mtazame. Kama kuna meza inayouza mafuta, maji, vitambaa au namba za kumwona mtumishi, iondoeni, na fedha mliyokwisha kuipokea kwa njia hiyo warudishieni mama zetu.